Niandikie Sababu

Kimulot,
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwako Mama,

Chamgei. Huku tuko salama, ila asubuhi baridi inauma na majani ya chai ya bonde la chini yameungua kwa barafu. Chemutai ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka kanisani. Kirui anakimbia, kutembea alikuruka. Aron bado yuko na lori la maziwa, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili, na anakusalimia kwa heshima zote za mkwe.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Mara ya mwisho nilipokupigia nilikuuliza kuhusu mguu wako, ukanijibu kwamba ng'ombe amepona. Mashine za kiwanda zilikula masikio yako miaka ishirini na sita, na maandishi ya simu umekataa katakata kuyasoma. Basi tuandikiane. Barua nitaiweka kwenye gari la Kericho, itashushwa Kapsoit kwa duka la Ogada, nawe utaichukua siku ya soko.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Kazi yangu unaijua, ingawa kanisani unawaambia watu kwamba niko nyumbani. Ninapokea simu za kampuni ya bima ya matibabu ya Nairobi. Mtu amelazwa, hospitali imemwambia bima imekataa, anapiga simu akiwa na hasira au machozi, na anayemjibu ni mimi, nimekaa kwenye chumba kilichokuwa cha mbolea, mlango umefungwa. Upande wa pili Jerusa, jirani yetu ninayemlipa, yuko na Kirui. Naanza saa kumi na mbili asubuhi, namaliza saa nane. Saa nne natoka, nakunywa chai mtoto akiwa mapajani, kisha narudi. Miaka mitatu sijachelewa hata dakika moja.

Lakini kijiji kimeamua kwamba mtu aliye nyumbani hana kazi. Kituo chetu cha kupimia majani kina zamu: lori likichelewa, nyumba moja inabaki na magunia, inayafungua na kuyageuza majani yasipate joto mpaka lori lifike. Mwaka jana kwenye kikao cha wakulima babamkwe wangu, Mzee Jonah, alisimama akasema zamu hazina haja tena, "huyu wetu yuko nyumbani tu." Wakapiga makofi. Nikaandikwa mimi, siku zote za wiki, bila kuulizwa. Nami nilinyamaza, kwa kuwa ni babamkwe.

Wiki iliyopita mzee alinitumia ujumbe saa sita mchana kwamba majani yako juani na hakuna mtu. Nilibeba kompyuta, nikavaa hedifoni, nikaenda kituoni nikidhani nitarudi kabla simu nyingine haijaingia. Ikaingia. Baba mmoja wa Thika, mke wake anangoja upasuaji. Nilimhudumia hapo hapo kati ya magunia mpaka bima ikakubali, akanishukuru sana. Ila simu zetu zinarekodiwa. Mkubwa wangu, Bwana Bogonko, aliposikiliza rekodi ile alimsikia nyuma yangu karani wa mizani akiita, "Kumi na nane na nusu! Gunia hili limejaa mabua, ni la nani?"

Bogonko aliniita kwenye mkutano wa kompyuta. Hakugomba. Alisema kwa upole kwamba wenzangu wataendelea kufanyia kazi majumbani, lakini mimi, kuanzia tarehe mosi Mei, niripoti Nairobi siku tano kwa wiki. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema, "Mahali penye watoto wadogo na magunia ya majani si ofisi." Magunia nilimkubalia, kosa lile ni langu. Lakini watoto hawakusikika kwenye rekodi ile hata kidogo.

Sikuombi kitu. Nimekuambia tu usije ukasikia kwa wengine.

Halafu, nilikutana na Moureen, binti ya Molly, kwenye foleni ya benki Kericho. Mama yake anakusalimia, anasema mlipakana ukuta kule laini za kampuni, kwenye vyumba vya wafanyakazi. Moureen alinisimulia walivyocheza nyuma ya kiwanda yeye na ndugu zake, wote watatu wamekulia pale. Nilishangaa, maana siku zote nilijua watoto hawakuruhusiwa. Ilikuwaje?

Binti yako,
Chepchirchir


Kiptere,
9 Februari 2025

Chepchirchir,

Barua yako Ogada aliiweka chini ya mifuko ya chumvi ya ng'ombe, ndiyo maana jibu limechelewa. Nimefurahi kuipata. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mguu ni ule ule. Kanisani wamenichagua tena mwenyekiti wa akina mama, na kwa kuwa sisikii wanachobishania, mikutano yetu inaisha mapema.

Kuhusu kazi yako, usiiache kwa sababu ya mkubwa mmoja. Nenda Nairobi. Watoto walete hapa. Watalala kwenye kitanda ulicholalia wewe, shule ni ile ile uliyosoma, maziwa yapo. Mimi nilifanya hivyo. Mama yangu alikulea miaka tisa katika nyumba hii hii ninayokaa sasa, mimi nikiwa kiwandani, na ukasoma, ukaolewa, leo unaongea na watu wa Thika. Je, ulikufa? Wanawake wengi wa rika langu walifanya hivyo na hawakuandikiana barua juu yake.

Utakuja mwisho wa mwezi na mkate. Mtoto anazoea. Wiki ya kwanza analia, ya pili anauliza, ya tatu anacheza.

Kwa mambo ya zamu ya majani, Mzee Jonah amekosea. Mwambie hivyo, lakini mwambie ukiwa umesimama mbali kidogo, kwa heshima.

Moureen ukimwona tena msalimie. Mvua ikinyesha nitapanda maharagwe.

Mama yako,
Rodah


Kimulot,
27 Februari 2025

Mama,

Hongera kwa ndama. Chemutai anauliza kama unaweza kumpa jina lake, na kama ndama naye ana mapengo. Kirui alikuwa na kikohozi, sasa amepona. Mvua bado, tunatazama mawingu upande wa msitu kila jioni na yanatupita.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Jibu langu ni hapana. Sitawaleta.

Si kwamba huwezi kulea. Ni kwamba mimi ni mama yao, niko hai, na nina kazi, na mambo hayo yanakaa ndani ya nyumba moja bila kugombana mpaka watu wayagombanishe. Nikiwa mezani nasikia Kirui akicheka nyuma ya ukuta na mkono wangu hautetereki. Bogonko aseme ni mteja gani amewahi kulalamika. Hayupo.

Umeuliza kama nilikufa. Sikufa. Lakini nikuambie nilivyozoea, kwa sababu hatujawahi kuliongea. Ulikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na mkate. Jumapili baada ya kula uliniita kwa sauti ya furaha, "Chepchirchir, chukua mtungi, nenda uteke maji." Nikirudi ulikuwa umeondoka. Mwanzoni nilikimbia ili nikuwahi, nikayamwaga maji njiani, na Kogo, nyanya yangu, akanichapa kwa ajili ya maji. Baadaye nikaijua ile sauti. Ukiniita hivyo nilienda polepole, nikakaa kwenye jiwe pale mtoni mpaka nisikie gari limepita. Nilipofika miaka kumi nilikuwa nachukua mtungi mwenyewe kabla hujaniita. Huko ndiko kuzoea unakokusema.

Mzee Jonah nimemwambia. Nilisimama mbali kidogo. Nikamwambia, "Baba, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nane niko kazini. Usiponiona nje, usidhani nimelala." Akauliza ni kazi gani hiyo ya kukaa. Nikamjibu kwamba hata karani wa mizani anakaa, na hakuna anayemtuma kuni. Aliondoka bila kumaliza chai. Lakini Jumapili jina langu lilikuwa limefutwa, nimeachiwa Jumamosi peke yake, kama nyumba nyingine. Jerusa anasema siku hizi wananiita Karani. Waniite tu.

Hujanijibu kuhusu Molly. Uliruka kutoka kwa binti yake ukaingia kwenye maharagwe. Nauliza tena: ikiwa watoto wake waliishi pale, mimi nilikatazwa na nani?

Chepchirchir


Kiptere,
30 Machi 2025

Mama Chemutai,

Barua yako niliipata mapema. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuchelewa.

Maharagwe yameota. Ndama ni mzima.

Maji ni maji, na nyumba ilihitaji maji. Ulikula mkate, ulivaa viatu, ulisoma, na aliyegharamia hayo alisimama kwenye mashine ya kusaga majani mpaka leo hasikii hata jogoo wake. Nilimfanyia nani?

Mambo ya laini yalipita. Lililo mbele yako ni tarehe mosi Mei. Amua.

Rodah


Kimulot,
8 Aprili 2025

Mama,

Tuko wazima. Shule zimefungwa, Chemutai amekuwa wa tatu darasani na anasema aliyekuwa wa kwanza alikopi. Mvua imekuja hatimaye, majani yanakua haraka kuliko mikono ya kuyachuna.

Nimeona umeniita Mama Chemutai. Nimesikia.

Bogonko ametuma mtu kunikumbusha tarehe. Nimejaribu kutafuta kazi nyingine ya namna hii, sijapata. Aron aliniambia Jumapili kwamba lori peke yake halitatufikisha, na alipokuwa akisema alikuwa anamtazama Kirui badala ya kunitazama mimi. Binamu yake amenipatia chumba Nairobi. Nimepigana nilivyoweza, Mama, na nimechoka. Nitawaleta Jumamosi tarehe 26, kabla shule hazijafunguliwa.

Chemutai halali mlango ukiwa umefungwa kabisa, acha upenyo. Akikuambia tumbo linamuuma siku ya shule, mara nyingi ni uongo, ila mguse paji la uso kwanza. Kirui anataka maziwa ya vuguvugu, na akiamka usimsemeshe mpaka akusemeshe yeye.

Kuna jambo ambalo nimeliwaza siku nyingi na sijui nilifanyeje. Kirui akilia chumba kingine, hutamsikia. Labda alale kwako, uweke mkono wako juu ya mgongo wake. Mgongo unatikisika kabla sauti haijatoka.

Na hili lingine si ombi. Jumapili nikiondoka, usimtume Chemutai maji. Nitamuaga mwenyewe, alie mbele yangu.

Chepchirchir


Kiptere,
15 Aprili 2025

Chepchirchir,

Usiwalete. Ukiwaleta utakuta nimefunga lango kwa mnyororo, nami niko ndani, na hata ukiita mpaka jioni unajua sitasikia.

Barua hii nampa Ogada mkononi, na nitasimama dukani kwake mpaka nione imeingia kwenye gari.

Nilipofika pale ulipoandika mkono wangu juu ya mgongo wa mtoto, niliweka karatasi chini nikaenda kumkamua ng'ombe. Nilikuwa nimeshamkamua.

Umeuliza mara mbili ulikatazwa na nani. Hukukatazwa na mtu. Siku tuliyopewa funguo za vyumba vya laini, mimi na Molly, tulipewa pamoja. Nyapara alisema chumba ni cha mfanyakazi peke yake, watoto hawatakiwi. Alisema kwa mdomo. Ulikuwa na miaka mitatu, umeshika rinda langu. Nikaitikia ndiyo bwana, na Jumapili ile nikakupeleka kwa mama yangu. Molly naye aliitikia ndiyo bwana. Jumapili ile ile alienda kwao upande wa ziwa akarudi na watoto watatu na kuku mmoja.

Nyapara alikuja mlangoni pake. Nilikuwa nimesimama pale nje, wakati huo nilikuwa nasikia bado. Molly alikuwa anasonga ugali na hakuacha mwiko. Alimwambia, "Sawa bwana, nitatoka. Niandikie barua ya kunitoa, na ndani uandike sababu ni watoto wangu. Nitaipeleka kwa meneja anisomee." Nyapara akasema ataandika. Aliporudi, Molly alimuuliza barua iko wapi. Mara ya tatu alikuja kuomba chumvi. Hakuna kilichoandikwa. Miaka kumi na moja niliwasikia watoto wale kupitia ukuta, wakikohoa, wakifundishwa kuhesabu, wakigombania blanketi. Chumba changu kilikuwa sawa na chao.

Sikuuliza. Nilimwogopa mtu ambaye hakuwa na karatasi hata moja mkononi. Halafu nilipoona Molly ameachwa akae na wanawe, niliona aibu kukufuata, kwa sababu ningekufuata ningekuwa nimekubali kwamba niliweza tangu siku ya kwanza. Mwezi ukawa mwaka, na miaka ikawa tisa. Nilipokuandikia kwamba mtoto anazoea, nilikuwa najitetea mimi. Na maji sikukutuma kwa sababu ya nyumba. Sikuweza kukuona ukilia. Maji yalikuwepo, nilikuwa nayamwaga kwenye migomba kabla sijakuita.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini usifanye nilivyofanya.

Sasa fanya hivi. Huyo Bogonko alikuambia kwa mdomo. Mwambie aandike, na aandike sababu ile ile aliyoitaja, watoto wako. Ya magunia kiri, usiyafiche. Halafu kaa kwenye meza yako ufanye kazi yako.

Mama yako


Kimulot,
13 Mei 2025

Mama,

Chamgei mising. Watoto ni wazima, na wako hapa. Kirui amejifunza kusema hapana na anaisema hata akipewa sukari.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kando ya barabara, mpaka dereva aliyeileta akaniuliza kama kuna msiba. Mengine yaliyomo nitakujibu uso kwa uso. Leo nikuambie ya Bogonko.

Nilimwandikia tarehe 22 Aprili. Niliandika kwamba siku ya magunia nilikosa, kwamba nimejitoa kwenye zamu za katikati ya wiki, na kwamba haitarudiwa. Kisha nikaandika kwamba agizo la kuhamia Nairobi naomba nilipate kwa maandishi pamoja na sababu aliyonieleza, yaani kwamba nina watoto wadogo. Nakala nikaipeleka idara ya wafanyakazi. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kutuma muda mrefu, nikamwaza Molly na mwiko wake, nikabonyeza.

Bogonko hakuandika, alipiga simu. Akasema, "Chepchirchir, haya mambo hayana haja ya kuandikwa." Nikamwambia, "Haja ninayo mimi." Akasema ataangalia.

Aron alininunia siku mbili, akisema nachezea chakula cha watoto. Nilimwambia chakula cha watoto wangu nimekipika mimi miaka hii yote mikono yangu ikiwa kwenye kompyuta, na kama anataka kununa anunie lori. Wikendi iliyofuata alikuja na mbao, akautengeneza upya mlango wa chumba cha mbolea ili usipitishe sauti. Nimelichukua hilo kama msamaha.

Tarehe mosi ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi. Ijumaa saa kumi na mbili kamili nilikaa mezani nikiwa na hakika wamenifungia nje. Nikaandika neno langu la siri. Ikafunguka. Simu ya kwanza ilitoka Kakamega, mama mmoja na mtoto mwenye nimonia, nikamhudumia. Saa nne nikanywa chai na Kirui. Jumatatu vivyo hivyo, na Jumanne.

Ijumaa iliyopita idara ya wafanyakazi iliniandikia. Mistari miwili tu: kwamba mpango wangu wa kufanyia kazi nyumbani unaendelea sawa na wa wenzangu, na nihakikishe napokea simu mahali penye utulivu. Neno watoto halimo. Nilisoma mara nyingi nikilitafuta.

Na kama wangeandika kweli, wakanifukuza? Ningefukuzwa, na bado nisingewaleta. Hilo nilikuwa nimeshaamua nilipofika kwenye yale maji ya migomba.

Sasa njoo wewe. Miaka saba nimeolewa na hujawahi kulala hapa hata siku moja.

Binti yako,
Chepchirchir


Kiptere,
25 Mei 2025

Chepchirchir,

Barua yako nimeisoma kwa akina mama wa kanisa, ila sehemu ya Aron nimeiruka, kwa heshima yake. Walipiga makofi. Niliona mikono.

Kwa desturi yetu mama hakai kwa mkwe wake, hata kula mbele yake ni taabu. Unazijua sheria hizo, na mimi nimejificha nyuma yake miaka saba, kwa sababu kila nikiwaza kukaa nyumbani kwako nilijua siku moja ungeniuliza uliyoniuliza. Sasa umeshauliza. Nakuja. Nitafika Jumatatu tarehe 9 Juni, Aron akiwa na lori lake. Jumamosi akirudi nitakuwa kituoni na magunia, zamu yako nitaishika mimi. Mzee Jonah akishangaa, mwambie nina miaka ishirini na sita ya majani, na akitaka kunigombeza apaze sauti.

Ndama nimemwachia jirani. Jina lake sasa ni Mapengo.

Nimemwandikia Molly pia.

Mama yako


Kimulot,
17 Juni 2025

Mama,

Ogada amenipigia, ameniambia umefika salama na umemkemea kwa ajili ya chumvi. Huku nyumba imekuwa pana ghafla. Chemutai analala kwenye upande wako wa kitanda. Aron anasema mlivyosalimiana kwa mbali pale njiani, wewe ukitazama majani chai na yeye akitazama mbingu, desturi imetosheka.

Mzee Jonah alikuja jana kuuliza utarudi lini. Anasema tangu kituo kijengwe hajaona majani yakigeuzwa vile, hakuna hata gunia moja lililopata joto. Bado anasema kwa sauti ya juu, amesahau kwamba mimi nasikia.

Mambo yale mengine nilikuwa nimepanga nikuambie kwa siri. Lakini kwako siri haiwezekani. Ilibidi nisimame kati ya magunia Jumamosi ile na kupiga kelele, na sasa kituo kizima, pamoja na karani wa mizani, kinajua kwamba nimekusamehe. Sijutii. Wakulima wawili walilia na kusingizia vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha.

Kuna jambo lililotokea jana ulipokuwa umeshaingia garini, ndilo limenifanya niandike mapema hivi.

Nianzie ulipokuwa unaaga. Ilikuwa saa nne, mapumziko yangu ya chai, nimesimama mlangoni na hedifoni shingoni. Mtungi wa jikoni ulikuwa mtupu kweli. Niliuona, na niliona ukiuona. Jerusa akamwita Chemutai aende mferejini, nawe ukamzuia kwa mkono. Ukapiga goti na mguu wako huo mbaya, ukamshika mtoto uso, ukamwambia kwa sauti yako ya kiwandani mpaka majirani wakatoka nje: "Chemutai, Kogo anaenda. Anaenda sasa hivi. Nitazame." Akakutazama. Akalia, akalishika rinda lako, nawe hukumnyamazisha. Uliondoka ukitembea kinyumenyume mpaka garini, na ninyi wawili mkatazamana mpaka kona.

Mimi nilirudi mezani nimechelewa dakika tatu, mara ya kwanza tangu nianze kazi hii. Chemutai alinifuata, akaingia kabla sijaufunga mlango wa Aron, akakaa sakafuni akaendelea kulia, na simu ikaingia. Bwana mmoja wa Nakuru. Akauliza mbona anasikia mtoto analia.

Nikamwambia, "Ni wangu. Nyanya yake amemuaga sasa hivi. Niambie shida yako."

Akaniambia, nikamhudumia mpaka mwisho, mkono wangu ukiwa juu ya mgongo wa Chemutai. Rekodi ipo. Bogonko akiisikiliza, aandike.

Binti yako,
Chepchirchir